Fremu ya Zamani, Nguvu Mpya: Vichwa vya Treni vya Reli ya Kati na Biashara ya Ukanda wa Ziwa

(Mhadhara uliotolewa Mwanza mbele ya wahandisi, mafundi wa reli na meli, wafanyabiashara, wanafunzi wa ufundi na wananchi)

     

Nimeombwa nizungumzie vichwa vya treni vya dizeli vya mizigo: vile vya zamani, na kama inafaa kuviunda upya kwa teknolojia ya kisasa ya kuvuta. Kusudi langu ni kuwashawishi kwamba kwa reli yetu ya geji ya mita, na hasa kwa biashara inayoishia kwenye maji haya ya Ziwa Viktoria, kuunda upya ni njia halali ya kihandisi na ya kifedha, mradi tuchague kiwango cha kazi kwa akili. Sisemi kila kichwa kilichokaa kwenye majani kiokolewe. Vingine vimekwisha, na mwenye macho anaviona.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo pamba ya Usukuma ilipata njia ya kwenda baharini bila kuzungukia Kisumu na Mombasa. Ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam hadi hapa, na ni safari ya kupanda, kwa kuwa uso wa ziwa letu uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Anayepita Saranda kuelekea Manyoni anauona ukuta wa Bonde la Ufa. Kila kontena na kila mfuko wa saruji unaokuja kwa treni umeupanda ukuta ule.

Enzi za mvuke sitazigusa, maana nikianza habari za vichwa vya Garratt wazee waliopo hapa wataninyang'anya kipaza sauti. Nianzie mwaka 1972, Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipoanza kupokea vichwa kutoka Montreal Locomotive Works ya Kanada. Viliitwa kundi la 88: vichwa vya dizeli-umeme vya nguvu za farasi 2,000, vyenye injini ya silinda 12 ya familia ya 251, iliyobuniwa na kampuni ya ALCO ya Marekani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na Shirika la Reli Tanzania (TRC) likazaliwa, vichwa hivi vikawa mhimili wa Reli ya Kati. Vilikuja pia vidogo zaidi kutoka kiwanda cha Varanasi, India, vya kundi la 73, vyenye injini ya familia hiyo hiyo ila ya silinda sita. Dereva wa reli yetu aliyestaafu akisema "themanini na nane", hazungumzii mwaka.

Katika miaka ya mwanzo ya 2000 reli hii ilibeba zaidi ya tani milioni 1.4 za mizigo kwa mwaka. Kufikia mwaka 2012 tani zilishuka hadi kama laki mbili. Sababu zilikuwa nyingi, na nitazirudia, lakini uhaba wa vichwa vinavyotembea ulikuwa miongoni mwa zile kubwa. Mzigo ulikuwepo. Ulihamia kwenye malori, na malori tunayaona Usagara na Shinyanga kila siku.

Sasa niingie kwenye hoja zangu.

HOJA YA KWANZA: Kinachochoka si kichwa kizima

Kichwa cha dizeli-umeme ni mashine kadhaa zilizopandishwa juu ya fremu moja. Kuna fremu yenyewe ya chuma kizito. Chini yake kuna bogi mbili zenye ekseli na magurudumu. Juu yake kuna injini ya dizeli, na injini hii haizungushi magurudumu moja kwa moja kama ya lori: inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na umeme unakwenda kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kisha kuna mfumo wa kuongoza umeme huo, breki za upepo, feni za kupooza na nyaya nyingi kuliko mnavyodhani.

Sehemu hizi hazizeeki kwa kasi moja. Nyaya hukauka ganda. Rilei hushika kutu na vumbi. Injini huchakaa kwa saa za kazi. Mota huungua. Lakini fremu nzito ya kichwa ambacho hakijapata ajali kubwa, isiyo na nyufa kwenye viungio, inaweza kuishi miaka mingi kuliko vyote vilivyo juu yake. Ndiyo maana nchi zenye reli kubwa kuliko zetu hazitupi fremu. Hupimwa kwa vifaa vya kugundua nyufa, hunyooshwa, huchomelewa panapohitajika, kisha hupandishiwa mashine mpya.

Watu wa Mwanza hamhitaji kwenda mbali kupata ushahidi. Meli ya MV Victoria ilijengwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Mwaka 2014 ilisimama. Wapo waliosema apumzike bibi huyu. Badala yake ilifanyiwa ukarabati mkubwa, ikawekwa injini mpya, na mwaka 2020 ikarudi majini kwenda Bukoba ikiwa na uwezo wa abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Kule Kigoma, meli ya Liemba iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 ilikuwa ya mvuke hadi miaka ya 1970 ilipobadilishwa kuwa ya dizeli. Hakuna aliyeziita meli hizo chuma chakavu kilichopakwa rangi. Kwa nini basi kichwa cha treni cha mwaka 1972 kikitajwa, tunacheka?

HOJA YA PILI: Nguvu inapotelea kati ya injini na reli

Hapa naomba uvumilivu wenu, kwa kuwa ndipo kiini cha mada kilipo. Mwenyekiti ameniruhusu kutumia ubao.

Watu wengi wakisikia kichwa kimeundwa upya huuliza: injini yake ina nguvu za farasi ngapi? Ni swali zuri, ila ni la pili. Swali la kwanza ni hili: gurudumu la chuma linashikaje kwenye reli ya chuma? Likipewa nguvu kuliko mshiko wake linazunguka pale pale, linalia, linakwangua reli, na treni haiendi. Dereva hupunguza moto, anamwaga mchanga kwenye reli, anajaribu tena. Asubuhi yenye umande, au mvua ya manyunyu inapoanza, ndipo shida huwa kubwa zaidi.

Katika vichwa vya zamani, mota za ekseli ni za mkondo mnyoofu (DC). Zina komuteta na brashi za kaboni zinazosuguana nayo mfululizo. Brashi huisha, vumbi lake la kaboni husambaa ndani ya mota, na siku moja cheche huruka kuzunguka komuteta na mota imekwenda. Mfumo wa kuzuia kuteleza nao ulikuwa wa rilei: uligundua gurudumu limeshateleza, ndipo ukakata umeme kwa ghafla. Treni inashtuka, viungio vya mabehewa vinagongana, na wakati mwingine kimoja kinakatika. Kwa mfumo huo, mshiko unaotegemewa kila siku huwa kama asilimia 20 ya uzito wa kichwa.

Teknolojia ya kisasa ina hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kuacha mota zile zile za mkondo mnyoofu, lakini kuondoa rilei na kuweka kompyuta inayopima mwendo wa kila ekseli mara nyingi kwa sekunde, na kupunguza umeme kidogo kidogo kabla gurudumu halijaanza kuzunguka ovyo. Hatua ya pili ni kubadili mota zenyewe ziwe za mkondo geu (AC), zinazolishwa na inveta zenye swichi za kielektroniki. Mota hizi hazina komuteta wala brashi. Mshiko wake unaweza kufika asilimia 33 na zaidi.

Tuandike namba ubaoni. Ni za mfano tu. Chukua kichwa cha tani 90 kinachopanda mlima wa mita moja kwa kila mita mia. Kila tani ya treni inahitaji kilo 10 za nguvu ya kuvuta kwa sababu ya mlima, na kama kilo nne kwa sababu ya msuguano: jumla kilo 14. Kwa mshiko wa asilimia 20, kichwa kinavuta kwa nguvu ya tani 18. Gawanya kwa kilo 14, ondoa uzito wa kichwa chenyewe, unabaki na treni ya tani kama 1,190. Kwa asilimia 33 unapata treni ya tani zaidi ya 2,000. Kichwa ni kile kile, uzito ule ule, reli ile ile.

Naona mwanafunzi mmoja pale anatikisa kichwa. Ana haki, kwa sababu nimeficha kitu. Kama injini imebaki ya farasi 2,000, na farasi 1,600 ndio wanaofika magurudumuni, treni ile nyepesi itapanda mlima kwa kilomita 24 kwa saa, na ile nzito kwa kilomita 14 na nusu tu. Mvutano umeongezeka, nguvu haijaongezeka. Hata hivyo kuna faida ambayo hesabu hii haionyeshi: mota ya mkondo mnyoofu ikilazimishwa kuvuta kwa nguvu kubwa kwa mwendo mdogo huchemka, na dereva ana dakika chache kabla haijaungua. Mota ya mkondo geu huvumilia mateso hayo muda mrefu zaidi. Kwa hiyo treni nzito inafika juu, polepole lakini inafika, badala ya kukatwa vipande viwili na kupandishwa kwa zamu, kazi ambayo madereva wa zamani wanaijua vizuri.

Kuna jambo jingine linalowahusu wenye geji ya mita kuliko mtu yeyote. Mota ya ekseli hukaa katikati ya magurudumu mawili. Kwenye geji za Wamarekani au Wahindi, ambazo ni pana kuliko yetu, kuna nafasi ya kutosha. Kwetu nafasi ni finyu, na komuteta inakula sehemu ya nafasi hiyo bila yenyewe kutoa nguvu yoyote. Ukiiondoa, urefu wote wa mota unafanya kazi ya kuvuta. Faida ya mkondo geu kwa geji nyembamba, kwa maoni yangu, haisemwi vya kutosha, pengine kwa sababu wanaoandika vitabu vya fani hii wengi wao wana geji pana.

Huko Marekani kazi hii si majaribio tena. Kampuni ya reli ya Norfolk Southern imebadili mamia ya vichwa vyake kutoka mkondo mnyoofu kwenda mkondo geu. Julai 2022 kampuni ya reli ya Union Pacific ilitangaza mkataba na kampuni ya Wabtec wa kuboresha vichwa 600 kwa zaidi ya dola bilioni moja. Walichotarajia ni kuokoa mafuta hadi asilimia 18, kuongeza uwezo wa kuvuta kwa zaidi ya asilimia 55, na kuongeza uhakika wa mashine kwa zaidi ya asilimia 80. Ni matarajio ya kampuni yenye biashara ya kuuza, kwa hiyo tuyapokee kwa tahadhari. Lakini kampuni ya reli yenye fedha nyingi vile, inayoweza kununua kichwa kipya wakati wowote, imechagua kuchukua vya zamani.

HOJA YA TATU: Ngazi ina vipandio, tusipande vyote

Gawanya bilioni moja kwa 600 unapata zaidi ya dola milioni 1.6 kwa kichwa kimoja, kwa mteja anayeagiza mamia. Sisi tukiagiza vitano au kumi hatutapewa bei hiyo. Ndiyo maana nasema tuchague.

Kipandio cha chini ni kufungua injini ile ile na kuirudisha kwenye vipimo vyake: pistoni, silinda, turbo, nozeli. Kwa injini za familia ya 251 hili linawezekana kwa kuwa India ilitengeneza nyingi na vipuri bado vipo, ingawa kila mwaka vinapungua. Kipandio cha pili ni kuongeza kompyuta ya kuongoza umeme na kuzuia kuteleza, pamoja na mfumo wa kuzima na kuwasha injini wenyewe wakati treni inasubiri. Wanaokaa karibu na stesheni wanajua kichwa kinavyoweza kunguruma saa nzima bila kwenda popote. Mafuta yale yanalipiwa. Kipandio cha tatu ni kutoa injini na kuweka nyingine ya kisasa. Cha nne ndicho mkondo geu kamili: altaneta mpya, inveta, mota mpya, na mara nyingine bogi mpya.

Maoni yangu, na mhandisi mwenzangu yeyote anaruhusiwa kunipinga wakati wa maswali, ni haya. Kwa sehemu kubwa ya vichwa vya njia kuu vya geji ya mita, kipandio cha pili ndicho chenye faida kubwa kwa kila shilingi, kikifuatiwa na cha tatu pale injini imechoka kweli. Mkondo geu uwekwe kwa vichwa vichache vya treni nzito, kwa mfano za mafuta na saruji, ambavyo havitapumzika. Vichwa vya sogeza, vile vinavyopanga mabehewa hapa Mwanza Kusini na kule Isaka, havihitaji utajiri huo. Vinahitaji injini inayowaka asubuhi na breki zinazoshika.

Nao Wahindi walipanda kipandio ambacho mimi sikukihesabu. Mwaka 2019, pale pale Varanasi vilikotoka vichwa vyetu vya kundi la 73, walizindua kichwa cha umeme cha farasi 10,000 kilichotokana na vichwa viwili vya dizeli vya zamani vyenye injini za familia ya ALCO. Walitoa injini, wakaweka transfoma na mota mpya. Siwashauri TRC wafanye hivyo. Reli yetu ya umeme ni ya geji nyingine. Nimekitaja ili wanafunzi wajue mipaka ya fani hii iko mbali kiasi gani.

HOJA YA NNE: Kichwa peke yake hakijawahi kuokoa reli

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu linauma. Mwaka 2007 shirika letu lilikodishwa kwa kampuni ya RITES ya India, iliyochukua asilimia 51 ya hisa. Vichwa vilikodiwa kutoka India, lakini ndoa ile haikufika popote na serikali ikaichukua reli tena miaka michache baadaye. Kwa majirani zetu wa Kenya na Uganda, kampuni ya Rift Valley Railways iliyokodishiwa reli ilileta vichwa 20 vya Marekani vilivyotumika na kukarabatiwa, kuanzia mwaka 2014. Mwaka 2017 ukodishaji wenyewe ulivunjwa. Vichwa havikuwa vibaya.

Maji ya mto Mkondoa yanapochukua tuta kati ya Kilosa na Gulwe, kama yalivyofanya mara kadhaa, kichwa cha farasi 2,000 na cha farasi 4,000 vinasimama pamoja. Na zile tani 2,000 nilizoandika ubaoni? Treni hiyo ni ndefu. Kama njia za kupishania kwenye stesheni ni fupi, haitapishana na mwenzake. Kama viungio vya mabehewa ni dhaifu, itakatikia mlimani. Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2014, kwa dola milioni 300, ulishughulikia njia ya Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, na kuleta vichwa vitatu vipya kutoka kampuni ya SMH Rail ya Malaysia. Mpango ulikuwa sahihi kwa kuwa uligusa njia na vichwa pamoja. Kipande cha Isaka hadi hapa kwetu kinastahili jicho hilo hilo.

HOJA YA TANO: Na reli ya kisasa je?

Hili ndilo swali nililotegemea kuulizwa, kwa hiyo nalijibu kabla. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, pale Fela, Misungwi. Treni za umeme zimeanza kazi Dar es Salaam hadi Dodoma tangu mwaka 2024. Ikifika Mwanza, kwa nini tuhangaike na vichwa vya mwaka 1972?

Nina majibu mawili. Kwanza, ikifika. Ujenzi unaendelea, lakini mzigo wa mwaka huu unasafiri mwaka huu. Pili, na hili ndilo wengi hawalioni wakiwa Dar es Salaam: ziwa letu ni la geji ya mita. MV Umoja, meli ya mabehewa iliyojengwa Uskoti miaka ya 1960, ina reli juu ya sitaha na inabeba mabehewa 22 kwa wakati mmoja. Behewa linalotoka Dar es Salaam linaingia melini pale Mwanza Kusini bila kupakuliwa, linavuka hadi Port Bell, linashushwa kwenye reli ya Uganda na kuendelea Kampala. Gati la Kisumu nalo ni la geji hiyo hiyo. Njia ya Port Bell ilipofufuliwa mwaka 2018, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa miongoni mwa walioitumia, na wao hawachagui njia kwa mapenzi.

Treni ya umeme ya geji pana zaidi haiingii MV Umoja. Mpaka bandari za ziwa zijengwe upya upande wetu, Uganda na Kenya, mzigo wa kuvuka utahitaji behewa la geji ya mita, na behewa hilo litahitaji wa kulivuta. Naamini reli hizi mbili zitaishi pamoja kwa miaka mingi, ile mpya ikichukua abiria na mizigo ya haraka, na hii ya zamani ikibaki na mafuta, saruji, mbolea na mzigo wa meli. Kwa kazi hiyo kununua kundi kubwa la vichwa vipya vya dizeli ni anasa. Vilivyoundwa upya vikiishi miaka 15 au 20 vitakuwa vimetimiza wajibu wao.

HOJA YA SITA: Kazi ifanyike wapi, na mikono ya nani

Karakana ya Morogoro imewahi kuunda upya vichwa vya zamani. Si ndoto, mafundi wapo. Ila nina wasiwasi mmoja. Teknolojia ya kisasa ya kuvuta ni programu ya kompyuta kwa nusu yake. Kichwa cha rilei kikikwama Malampaka, fundi mwenye taa ya majaribio na mchoro wa nyaya anaweza kukitibu. Kichwa cha inveta kikikwama pale pale, anahitaji kompyuta, programu ya uchunguzi na nywila. Kama nywila iko kwa mkandarasi nje ya nchi, kichwa kitasubiri ndege.

Kwa hiyo mkataba wowote wa kuunda upya uwe na masharti manne yasiyojadiliwa: michoro yote ikabidhiwe TRC, programu ya uchunguzi na haki ya kuitumia viwe vyetu, vipuri vya angalau miaka mitano vinunuliwe pamoja na kazi, na kila kichwa, kuanzia cha pili, kifunguliwe na kufungwa na mafundi wetu, mkandarasi akisimamia. Cha kwanza afunge yeye, sisi tutazame. Sharti la mwisho litaongeza muda na gharama kidogo mwanzoni. Nalitetea bila haya.

Wanafunzi, neno hili ni lenu. Miaka kumi ijayo fundi wa reli atahitaji kujua kupima nyufa za chuma asubuhi na kusoma data za inveta mchana. Vyuo vyetu vya ufundi bado vinafundisha kazi hizi mbili katika majengo tofauti, na waliomo hawaamkiani. Ombeni mfundishwe zote. Hapa Mwanza mna bahati ya kuwa na shedi ya treni, chelezo za meli na mitambo ya viwanda vya samaki na pamba ndani ya mwendo wa daladala moja. Mafundi wa fani hizo wanaweza kabisa kukutana na kubadilishana maarifa ya injini za dizeli na mota za umeme.

Ndugu Mwenyekiti, naona umeangalia saa, na mimi nimebakiza ombi moja tu. TRC ina vichwa vilivyosimama Morogoro, Tabora na penginepo kwenye njia yake. Kabla kichwa chochote hakijapigwa mnada kwa bei ya chuma, fremu yake ipimwe nyufa, bogi zake zipimwe, na matokeo yaandikwe kwenye daftari la wazi linaloweza kusomwa na mhandisi yeyote na mbunge yeyote. Kipimo hicho ni kazi ya siku chache kwa kila kichwa na hakihitaji mkopo wa nje. Kitakachofaa kiwekwe kwenye mpango, kisichofaa kiuzwe. Wafanyabiashara wa Mwanza mliomo humu ndani, ambao kila mwaka mnalipia malori kwa kukosa behewa, lichukueni ombi hili mlifikishe kwa wawakilishi wenu kabla ya bajeti ijayo kusomwa.

 Niko tayari kwa maswali, na yule kijana aliyetikisa kichwa aanze yeye.